Bilauri za dhahabu za Andes: uanze na za Lambayeque, za Chimú au za Inka?

Mwalimu wa sanaa anatafuta mfano mmoja wa kufundishia. Sonara anataka kujaribu kufua chombo chenye sura. Mwanafunzi anawinda mada ya tasnifu, na msafiri ana siku chache tu za kukaa Peru. Wote hawa hukwama mahali pamoja: vyombo vya kunywea vya dhahabu na fedha vya milima na pwani ya Andes huwekwa kwenye fungu moja na kuitwa "dhahabu ya Inka", hali vingi vilikuwa kaburini karne kadhaa kabla dola ya Inka haijaanza kutanuka.

Jibu letu la mkato ni hili. Ukitaka kujifunza kusoma taswira ya mungu na wanyama, anza na Lambayeque, utamaduni wa pwani ya kaskazini ya Peru ambao wanaakiolojia huuita pia Sicán. Ukipenda matukio yenye watu, ndege na samaki wengi, na una subira, nenda Chimú, waliokuja kuiteka Lambayeque. Ukivutiwa zaidi na namna chombo kilivyotumika kuliko picha iliyo juu yake, chukua Inka.

| | Lambayeque (Sicán) | Chimú | Inka |
|---|---|---|---|
| Kipindi | takriban 750–1375 BK, kilele 900–1100 | takriban 900–1470 BK | takriban 1400–1533 BK |
| Kitovu | Batán Grande, baadaye Túcume | Chan Chan, bonde la Moche | Cusco |
| Madini ya vyombo vya kunywea | dhahabu iliyochanganywa na fedha na shaba | zaidi fedha | dhahabu na fedha |
| Kinachoshika jicho | uso mmoja mkubwa | misururu ya ndege, samaki, mawimbi | umbo lenyewe, mistari michache |
| Ugumu uko wapi | kujua uso ni wa nani | kuiona picha yote kwa pamoja | kuelewa matumizi |

Kuna jambo linaloelemeza mizani, na ni vizuri ulijue mapema. Mwaka 1532 Wahispania walimkamata Atahualpa, mfalme wa Inka, huko Cajamarca. Aliahidi kuwajazia chumba kimoja dhahabu mara moja na fedha mara mbili. Vyombo vikaletwa kutoka kila upande wa dola, na mwaka 1533 vikayeyushwa: takriban tani 6 za dhahabu na karibu tani 12 za fedha. Tulivyonavyo leo ni vile vilivyokuwa vimekwisha kuzikwa ardhini, hasa katika makaburi ya pwani kavu ya kaskazini. Kwa hiyo vyombo vya Lambayeque vikijaa kwenye makabati ya makumbusho, usidhani Wainka hawakuwa navyo. Vyao viliingia tanuruni.

Lambayeque: uso mmoja unaojirudia

Chukua bilauri moja ya dhahabu ya karne ya 10 au ya 11. Mdomo ni mpana kuliko kitako, na ukuta unapanda ukitanuka kidogo kidogo. Sehemu kubwa ya ukuta huo imechukuliwa na uso uliosukumwa nje kwa kugongwa. Macho ndiyo kitambulisho chake: yana umbo la lozi, pembe za nje zimevutwa juu, na aghalabu ncha hiyo imerefushwa ikachongoka. Masikio nayo yana ncha juu, na chini yake kuna mapambo makubwa ya duara. Kichwani kuna taji, mara nyingi la nusu duara. Ukiyashika macho hayo, utautambua uso huu popote: kwenye bilauri, kwenye kinyago cha maiti, kwenye shingo ya chupa nyeusi ya udongo, na kwenye kisu cha ibada kiitwacho tumi.

Baada ya hapo ndipo kazi inapoanza, kwa sababu macho hayo huvaliwa na wawili. Yupo yule ambaye watafiti humwita Bwana wa Sicán: ana mwili wa mtu, mikono ya mtu, na vazi la kitawala. Yupo pia Mungu wa Sicán, mwenye uso uleule lakini kaongezewa viungo vya wanyama, kama mabawa, kucha za ndege wa mawindo, pua inayoelekea kuwa mdomo wa ndege, au meno ya chonge. Usiangalie uso peke yake ukatoa hukumu. Shuka kwenye mabega na miguu. Hakuna mabawa wala kucha? Andika "Bwana". Vipo? Andika "Mungu". Chombo kikiwa na kichwa tu, bila mwili, andika "uso wa Sicán" uishie hapo. Mtu anayeandika zaidi ya hapo anabuni.

Kosa la kawaida ni kuupa kila uso jina la Naylamp. Habari za Naylamp ziliandikwa na padri Miguel Cabello Valboa mwaka 1586. Anasimulia mtawala aliyefika pwani ya Lambayeque kwa msafara wa vyombo vya bahari, akiwa na mke wake Ceterni, watumishi wa kasri na sanamu ya jiwe la kijani, na kwamba alipofariki watu waliambiwa ameota mabawa akaruka. Mabawa yale yanawiana kweli na mabawa ya kwenye dhahabu. Lakini kati ya kilele cha Batán Grande na kalamu ya Cabello Valboa kuna karibu miaka 500. Kwenye maelezo ya picha, Naylamp awe dokezo. Asiwe jina la chombo.

Sasa tuje kwenye jambo linalowachanganya wengi. Katika baadhi ya bilauri hizi uso umewekwa kichwa chini. Kikombe kikisimama kwa kitako chake, taji liko chini na kidevu kiko juu. Makumbusho mengine huzisimamisha kwa mdomo ili mgeni auone uso ukiwa sawa, na mgeni huondoka akiamini ametazama kofia au kengele. Fikiria chombo kikiwa mkononi. Mnywaji anapokiinua na kukiinamisha hadi tone la mwisho la chicha, ile pombe ya kimea cha mahindi, kitako kinaelekea juu, na uso unawatazama walio mbele yake ukiwa wima. Mungu anasimama sawa pale kikombe kinapokauka.

Kupindua huku hakukuishia kwenye vikombe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 timu ya mwanaakiolojia Izumi Shimada ilifukua kaburi la mashariki la Huaca Loro, huko Batán Grande, kina cha zaidi ya mita 10. Mtu mkuu aliyezikwa humo, mwanaume wa miaka 40 hadi 50, alikuwa amewekwa kichwa chini miguu juu, na kichwa chake kimetenganishwa na mwili kikageuzwa ili uso uwe wima. Usoni alivikwa kinyago cha dhahabu kilichopakwa rangi nyekundu ya zinjifuri. Vitu vilivyozikwa pamoja naye vilikuwa na uzito wa karibu tani 1.2, na zaidi ya theluthi mbili ni vya madini. Kaburi hili ndilo sababu yetu kubwa ya kupendekeza Lambayeque kwa anayeanza. Kinyago, uso wa bilauri na mwili wa marehemu vinafafanuana, na mahali vilipotoka panajulikana hadi kipimo. Kwa vyombo vingi vya Andes vilivyochimbwa na wezi wa makaburi, nafasi hiyo imepotea kabisa.

Zinjifuri ile inafundisha pia. Tumezoea kuiona dhahabu ikiwa safi inang'aa, kumbe vinyago vingi vilipakwa rangi, vikabandikwa mawe ya kijani na buluu na hata manyoya. Vingi vilisuguliwa na wenye duka au wakusanyaji kabla ya kufika makumbushoni. Unapochora, usichukulie kuwa eneo tupu lilikuwa tupu. Tazama mashimo madogo ya ukingoni na mabaki ya wekundu kwenye mikunjo ya pua na macho.

Wanyama wa Lambayeque ni wa maji zaidi kuliko wa msituni. Utaona chura, ndege wa baharini, samaki, na mawimbi yaliyojikunja kuzunguka ukingo. Hapa ni jangwa linaloishi kwa mito inayoshuka kutoka milimani, na mvua kubwa huja na El Niño, bahari inapopata joto. Kombe la Spondylus, lenye miiba na rangi nyekundu, huishi kwenye maji ya vuguvugu ya Ekwado. Watawala wa Sicán walilitafuta kwa bidii, na hata kwenye mapambo ya masikio kuna wapiga mbizi wanaoonyeshwa wakilikusanya. Ukiona chura au kombe kwenye chombo cha kunywea, kuvisoma kama habari za maji ni busara. Kuvisoma kama "alama ya rutuba" bila kutaja jangwa ni kujaza nafasi kwa maneno.

Ukitaka kuifua mwenyewe

Hapa sonara ana la kuchagua, na ugumu haufuati picha. Bilauri hizi hazikumiminwa kwenye kalibu. Kipande cha madini kilifuliwa kwa nyundo za jiwe zisizo na mpini hadi kikawa bamba la duara, kisha bamba likainuliwa pole pole likawa chombo.

Kwa mazoezi tumia shaba nyekundu ya unene wa milimita 0.8. Kanuni rahisi ya kukata duara ni kujumlisha urefu wa chombo na kipenyo chake cha wastani. Bilauri ya urefu wa sentimita 15 na kipenyo cha wastani cha sentimita 9 inahitaji duara la sentimita 24 hadi 25. Gonga kwa mizunguko, ukianzia karibu na kitako na kupanda kuelekea ukingoni. Kila ukimaliza mzunguko mmoja, pasha shaba moto hadi iwe nyekundu hafifu, takriban nyuzijoto 600 hadi 650, kisha izamishe majini. Usipofanya hivyo madini hukakamaa, na ukingo hupasuka kwanza kwa sababu ndiko yanakobanwa zaidi. Ufa mdogo ukionekana, usiendelee kugonga kwa matumaini: ukate au uutoboe mwishoni ili usikimbie, kisha pasha moto upya.

Uso huja baada ya umbo kukamilika. Unasukuma kutoka ndani kwa kifaa cha ncha butu, ukuta ukiwa umeegemea kitu kinachokubali kubonyea, kama mfuko wa ngozi uliojaa mchanga. Ukishapata ujazo wa mashavu na pua, jaza lami ndani, iache igande, halafu chora mistari ya macho na taji kutoka nje kwa patasi butu isiyokata. Pua ndiyo inayowaangusha wengi: bamba hunyooka na kuwa jembamba pale pale, na pigo moja la haraka hulitoboa. Sukuma pua kwa awamu tatu au nne, na upashe moto kati ya awamu.

Mtu atadhani aquilla ya Inka, kikombe cha dhahabu au fedha kisicho na uso wala mnyama, ndiyo rahisi zaidi. Kwa mkono wa anayeanza ni kinyume chake. Ukuta laini mrefu huonyesha kila alama ya nyundo na kila mahali ulipotetereka, hali ukuta wenye uso na manyoya huficha mengi. Kwa jaribio la kwanza tunashauri bilauri ya Lambayeque yenye uso usio na mwili.

Neno kuhusu rangi ya madini. Dhahabu ya Andes mara nyingi ni mchanganyiko wa dhahabu, fedha na shaba. Mafundi waliipasha moto na kuiondolea shaba na fedha ya juu kwa asidi za mimea au chumvi za madini, hadi ngozi ya nje ikabaki na dhahabu nyingi kuliko kiini. Ndiyo maana chombo kinachoonekana cha dhahabu tupu kinaweza kuwa na kutu ya kijani kwenye mkwaruzo. Kutu hiyo peke yake si ushahidi wa ughushi.

Chimú: picha inayozunguka

Chimú waliiteka Lambayeque katika karne ya 14, wakachukua mafundi na mitindo yao. Kwa sababu hiyo maandishi ya zamani ya makumbusho yameita "Chimú" vitu vingi ambavyo leo vinajulikana kuwa vya Lambayeque. Tumi mashuhuri lililopatikana Batán Grande katika miaka ya 1930, lililoibwa jijini Lima mwaka 1981 na kuharibiwa, lilibeba jina la Chimú kwa miaka mingi. Ukikuta kitabu cha kabla ya miaka ya 1980 kinachosema Chimú, rudi kwenye yale macho yenye ncha kabla ya kukubali.

Chimú wenyewe walipenda fedha. Antonio de la Calancha aliandika mwaka 1638 kwamba watu wa pwani hii waliuheshimu Mwezi, waliouita Si, kuliko Jua, kwa kuwa Mwezi huonekana usiku na mchana. Inavutia kuunganisha weupe wa fedha na Mwezi, na hatuoni ubaya, ilimradi msomaji aambiwe kwamba Calancha alizungumzia imani. Hakusema neno juu ya vikombe.

Kwenye chombo cha Chimú hutakuta sura moja inayokukodolea macho. Utakuta safu: ndege mmoja nyuma ya mwingine, samaki, mawimbi, watu wenye taji la mwezi mwandamo, wakati mwingine mtu mkuu ameshika fimbo mbili, na wahudumu wakielekea kwake. Safu hizohizo za ndege na samaki ziko kwenye kuta za udongo za Chan Chan, kwa hiyo mwanafunzi wa Chimú ana bahati ya kulinganisha kikombe na jengo. Yupo pia mnyama wa ajabu mwenye kishungi kichwani, aliyerithiwa kutoka kwa Moche, watu wa kale wa pwani hii, na watafiti humhusisha na mwezi.

Taabu ya Chimú ni kwamba picha moja ya kamera haioni hata nusu ya tukio. Ni lazima uikunjue. Piga picha 8, ukizungusha chombo robo ya nusu mduara, yaani digrii 45, kila mara, kamera ikiwa kwenye kimo cha katikati ya ukuta. Kisha jua kwamba bilauri inayotanuka haikunjuki kuwa mstatili. Inakuwa kipande cha upinde. Kwa chombo chenye kipenyo cha sentimita 12 mdomoni, 8 kitakoni na urefu wa 16, chora upinde wa nje wenye nusu kipenyo cha sentimita 48.4 na wa ndani wenye 32.2, vyote kutoka kituo kimoja, kwa pembe ya digrii 45 hivi. Ukitumia mstatili, ndege wa safu ya chini watavutika upana kwa nusu nzima, na utaandika kwamba fundi alichora ndege wanene chini na wembamba juu. Mnene ni mchoro wako.

Fedha nayo huoza. Ikikaa kwenye udongo wenye chumvi hugeuka nyeusi, hukatika kama kaki, na vyombo vingi vimekunjuliwa au kuunganishwa upya. Mstari mwembamba unaokata picha katikati unaweza kuwa mshono wa mtengenezaji wa makumbusho.

Usichanganye Chimú na bilauri ndefu za fedha zenye sura ya mtu mwenye pua kubwa ya ndoana. Nyingi hunasibishwa na Ica na pwani ya kusini, nazo zimeandikwa Chimú au Inka kwa urahisi wa wauzaji. Uso wake hauna masikio yenye ncha wala macho yaliyovutwa juu.

Inka: jozi kwanza, picha baadaye

Kikombe cha mbao huitwa qero, cha dhahabu au fedha huitwa aquilla, na vyote vilitengenezwa viwili viwili. Hiyo ndiyo alama kuu. Mwenyeji alijaza vikombe viwili vya ukubwa mmoja, akampa mgeni kimoja, naye akanywa kingine. Mfalme alikunywa hivyo na machifu, na vilevile na Jua. Kukataa kikombe kulikuwa kukataa uhusiano. Ukikuta aquilla moja peke yake kabatini, tambua kwamba unaona nusu ya kitu.

Picha za wanyama na miungu ni chache mno kwenye aquilla. Kuna mistari, pembe nne, pembetatu. Wanyama wa Inka wako kwingine: sanamu ndogo za lama na watu za dhahabu na fedha zilizozikwa kama sadaka. Mungu Jua alikuwa na sanamu ya dhahabu iitwayo Punchao, waliyoikamata Wahispania Vilcabamba mwaka 1572. Kwa hiyo mtu aliyekuja kwa ajili ya taswira ataondoka na machache.

Qero za mbao zenye rangi nyingi, wawindaji, maua na wanawake wenye shela ni za baada ya 1532. Rangi zake zimeshikwa kwa utomvu wa mopa mopa. Ni kazi nzuri sana, ila usiziweke kwenye jedwali la kabla ya Wahispania.

Jadi mbili za kuzijua kidogo

Chavín, utamaduni wa Peru wa kale kuliko hizi zote, na jirani zake ni wazee wa taswira hii: jagwa, nyoka, tai, mamba wa Amazon, na mungu wa fimbo mbili. Huko pia ndiko picha za kugeuza zilikoanza kwa ustadi. Jiwe la Raimondi, la karibu mita 2, linasomeka hivi likiwa wima na vingine likipinduliwa. Lakini dhahabu ya enzi hiyo ni mataji na mapambo ya kifua. Mataji ya Kuntur Wasi, yaliyofukuliwa na timu ya Wajapani mwaka 1989, yakiwemo lile la nyuso 14 na lile la jagwa watano, ni mabamba yaliyozungushwa bila kitako. Kwenye picha ya upande mmoja huonekana kama bilauri. Tafuta kitako kwanza.

Moche, waliotangulia Lambayeque kwenye pwani hiyohiyo, walichora kikombe cha ibada kwenye vyungu vyao mara kwa mara: kuhani mwenye umbo la ndege akimpa mtawala kikombe cha damu ya mateka. Makaburi ya Sipán, yaliyofukuliwa na Walter Alva kuanzia 1987, yalitoa buibui, bundi, kaa na simba wa milimani wa dhahabu na shaba iliyopakwa dhahabu, lakini hayo ni mapambo ya mwili. Kwa vyombo vya dhahabu, Moche si chaguo. Kwa kuelewa mungu mwenye meno ya chonge alitoka wapi, hakosekani.

Kulingana na kazi uliyo nayo

Kwa darasa la saa mbili, tumia Lambayeque. Wape wanafunzi picha tano za uso na swali moja: Bwana au Mungu, na ushahidi uko wapi? Chimú kwenye saa mbili haitoshi, kwa sababu kukunjua picha peke yake kunakula muda wote.

Kwa tasnifu, Chimú ina kazi nyingi ambayo haijamalizika: kulinganisha safu za fedha na kuta za Chan Chan. Lakini hakikisha mapema kwamba utapata picha za pande zote za chombo. Makumbusho mengi hutoa picha moja ya mbele tu, na mradi hufia hapo. Andika barua ya kuomba picha kabla hujaandika pendekezo la utafiti.

Anayependa historia ya utawala, karamu na mikataba achukue Inka, asome maandishi ya wakati wa ukoloni pamoja na vyombo.

Picha zisizo na gharama zipo. Makumbusho ya Metropolitan ya New York yaliruhusu mwaka 2017 picha za vitu vyake visivyo na hakimiliki zitumike bure, na bilauri kadhaa za Lambayeque zimo. Museo Larco ya Lima ina katalogi ya mtandaoni yenye makumi ya maelfu ya vitu. Unaposoma maelezo, mstari wa kutazama kwanza ni mahali kitu kilipopatikana. "Kaburi la mashariki, Huaca Loro" ni ushahidi. "Pwani ya kaskazini" ni makisio ya mtindo. Pakiwa kimya kabisa, tumia chombo hicho kama mfano wa pili, kamwe si wa kwanza.

Ughushi ni mwingi kwenye fani hii. Mwaka 2001 mkusanyiko mmoja maarufu wa Lima uligunduliwa kuwa na idadi kubwa ya vitu bandia, baada ya kuonyeshwa nchi za nje kwa miaka mingi. Dalili za kuzingatia: bamba lenye unene uleule kila mahali, maana lililofuliwa kwa mkono hutofautiana, mistari ya patasi yenye kina kimoja pande zote, na mchanganyiko wa alama ambazo hazikai pamoja, kwa mfano macho ya Lambayeque juu ya mwili wa kijiometri wa Inka. Ukiuziwa chombo "halisi", usinunue. Kikiwa bandia umetapeliwa, na kikiwa cha kweli, sheria ya Peru inakihesabu kuwa urithi wa taifa na haikiruhusu kutoka nchini.

Kwa msafiri mwenye siku mbili tu, ruka Cusco kwa ajili ya mada hii, ufikie Chiclayo, jiji la pwani ya kaskazini. Mji wa Lambayeque uko umbali wa kilomita 12, na ndiko liliko jumba la makaburi ya Sipán na lile la Brüning lenye dhahabu ya Lambayeque. Ferreñafe, iliko Museo Nacional Sicán yenye kaburi la Huaca Loro lililojengwa upya kwa ukubwa wake, iko karibu kilomita 20 kutoka Chiclayo. Epuka Jumatatu, siku ambayo makumbusho mengi ya serikali hufungwa. Kwenye jumba la Sipán kamera na simu zimewahi kukatazwa, kwa hiyo chukua daftari na penseli, na anza mchoro wako kwenye macho.